Makufuli Mawili Kwenye Banda la Mashua

Kama ulilikunja gazeti lako wiki iliyopita ukijiuliza ni nani aliyepiga ule ukelele nyuma ya hema, basi ni Ndinda, mwimbaji wa kwaya. Aliingia akiyumba. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imelowa hadi kiunoni na mguu mmoja haukuwa na kiatu.

Ngendo, kiongozi wa wakazi, alikuwa bado ameshika maikrofoni. Hema lilikuwa limejaa pomoni: upande huu wakazi wa Gitothua na majirani zao, upande ule wanachama wa klabu ya makasia na jaketi zao za buluu. Katikati, mezani, alikaa afisa wa kaunti, Bi. Aoko. Yeye ndiye angeamua kama klabu iendelee kukaa kwenye bustani ya umma ya Bwawa la Kanyoni au ifungashe virago.

"Wamezama!" Ndinda akapiga kelele. "Mchungaji Ephantus na Bedan! Wamezama!"

Bedan. Mume wa Ngendo.

Maikrofoni ilianguka na spika zikalia mlio wa kutoboa masikio.

"Wako wapi?" Ngendo alikuwa ameshamshika Ndinda mabega. "Ndinda! Wako wapi?"

"Machimboni. Ng'ambo ya bwawa. Wameshikilia magugu maji na yale magugu yanasogea katikati. Hatuwafikii, Mama Kui. Tumerusha leso, tumerusha matawi, hatuwafikii!"

"Machimboni? Huko ni mwamba mtupu! Nani anabatiza watu machimboni?"

"Tungefanya nini?" Ndinda akalia. "Tulikatazwa hapa. Klabu ilikataa tusiingie!"

Hema zima liligeuka. Macho yote yakamwangukia mzee mmoja mrefu aliyekaa safu ya mbele. Huyo alikuwa Njau, mwenyekiti wa klabu.

"Mimi?" Njau akasimama. "Mimi sijamkataza mtu!"

Hakuna aliyemsikia. Viti vya plastiki vilikuwa vinaanguka, watu wanasukumana, na kijana mmoja tayari alikuwa ameshika ukosi wa jaketi la Njau.

Sauti iliyowatuliza ilitoka nyuma kabisa. Ilikuwa ya Sumeya, mkufunzi wa klabu, msichana wa Ruiru mjini ambaye hata wapinzani wa klabu walimpenda.

"Mtapigana baadaye! Mashua! Banda limefungwa! Ufunguo uko na nani?"

Ufunguo ulikuwa na Ngendo.

Tuelewane hapo, msomaji wangu, maana jambo hilo lilifanyika mapema asubuhi hiyo wakati wengi bado wanakunywa chai. Chege, yule kijana anayetaka kiti cha wadi, ndiye aliyetoa wazo. Aliwaambia wakazi kwamba klabu ingeshusha mashua zake zote majini ili kumpumbaza afisa wa kaunti kwa maonyesho. "Tuwafungie," akasema. Ngendo alinunua kufuli kubwa la chuma, akalitia kwenye mlango wa banda kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakashangilia. Naye alijisikia vizuri sana.

Sasa alikuwa anakimbia kuelekea banda hilo hilo huku akipekua mkoba.

Bedan alikuwa abatizwe. Mwanamume aliyekataa kanisa tangu harusi yao, ambaye kila Jumapili alimsindikiza mkewe hadi langoni kisha akarudi nyumbani kusikiliza mpira kwa redio, hatimaye alikuwa amekubali. Alimwomba mkewe jambo moja tu: awe ukingoni na taulo atakapotoka majini.

"Tangulia," Ngendo alimwambia. "Nikimaliza kuongea nitakuja mbio."

Taulo lilikuwa bado ndani ya mkoba. Alilitupa chini akaupata ufunguo.

Kufuli likafunguka. Ngendo akavuta mlango kwa nguvu zake zote.

Mlango haukufunguka.

"Vuta!" watu walipiga kelele.

"Navuta!"

Sumeya akainama akatazama chini. Kwenye komeo la pili, karibu na ardhi, palikuwa na kufuli lingine. Dogo, jeusi, jipya kabisa.

"Hili ni la nani?"

Njau alifika akihema. Alipoliona, uso ulimbadilika.

"Ni langu," akasema. "Nilikuja asubuhi nikakuta mmetufungia. Nikaogopa mtarudi kuchoma mashua. Nikaongeza na langu."

"Basi fungua!"

"Ufunguo uko kwa gari. Dereva ameenda kuweka mafuta."

Watu walisimama mbele ya mlango ule, wenye jaketi za buluu na wasio nazo, na ng'ambo ya maji sauti za kina mama wa kwaya zilikuwa zinafika zikiwa nyembamba kama za ndege.

Njau ndiye aliyesema kwanza.

"Bomoeni."

"Mzee?"

"Hamkutaka kulibomoa banda hili tangu mwaka jana? Bomoeni! Mabati ya nyuma ni mepesi. Mnangoja nini?"

Hawakungoja kuambiwa tena. Mabati yalivutwa kwa mikono mitupu, misumari ikilia. Mama mmoja muuza mboga aliyekuwa ameapa kwamba hatagusa kitu cha klabu maisha yake yote alikuwa wa kwanza kuingia kwenye tundu, na alipotoka, viganja vinavuja damu, alikuwa amebeba kasia.

"Si hiyo mashua nyembamba!" Sumeya aliamrisha. "Hiyo itapinduka. Toeni ile pana, ya wanaojifunza!"

Mashua ilitoka ikiwa juu ya vichwa vya watu. Hakuna aliyeuliza ni kichwa cha nani.

Ilihitaji wapiga makasia wanne na mtu mmoja wa kushika usukani. Sumeya akaingia mbele kabisa. Vijana wawili wa klabu wakafuata. Kiti cha nne kikabaki wazi, kwa sababu wenzao walikuwa wamebanwa upande wa pili wa umati na njia hakuna.

Njau akavua jaketi, akaingia.

"Mzee, moyo wako!" kijana mmoja akasema.

"Nyamaza, piga kasia."

"Usukani!" Sumeya akapaza sauti. "Nani anashika usukani?"

Kabla neno halijamtoka vizuri, Ngendo alikuwa ameketi nyuma, sketi imelowa, mikono miwili imeshika kamba za usukani asizojua kazi yake.

"Mama Kui, shuka. Hujui kuogelea."

"Mume wangu yuko kule."

"Mama Kui!"

"Sumeya, sishuki!"

Wakaondoka.

Sasa, kwa asiyejua mchezo huu: wapiga makasia huketi migongo ikielekea wanakoenda. Hawaoni mbele. Anayeona mbele ni mmoja tu, yule wa usukani. Kwa hiyo Ngendo alijikuta ameketi uso kwa uso na Njau, mwanamume waliyekuwa wakitukanana naye kwenye mikutano tangu klabu iweke geti bustanini, magoti yao yanakaribia kugusana. Na mzee huyo hakuwa na macho mengine ila ya Ngendo.

"Unaona nini?" Njau akauliza. Kasia lilikuwa linazama na kuibuka.

"Ngai! Wako mbali! Naona nguo nyeupe moja. Moja tu! Mwingine simwoni!"

"Kushoto au kulia?"

"Kushoto! Hapana, kulia! Kulia kwangu!"

"Vuta kamba ya kulia. Taratibu. Umevuta sana! Rudisha."

Mashua iliyumba ikanyooka.

"Mtawaua," Ngendo akasema, machozi yanamchuruzika. "Mlitia geti, mkatia kadi za kuingilia. Sisi tulikuwa tunaingia hapa bila kuulizwa jina. Watoto wangu wote wamejifunzia kutembea kwenye nyasi hii. Sasa kanisa linafukuzwa kama mbwa!"

"Kabla ya geti kulikuwa na pombe ya chang'aa kwenye nyasi hiyo," Njau akajibu kati ya pumzi na pumzi. "Tulitoa takataka malori na malori. Tangu tuje hakuna aliyezama. Hakuna!"

"Leo je?"

Njau alipiga kasia mara kadhaa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sikuwakataza. Nilimpigia mchungaji jana jioni. Nikamwambia geti litakuwa wazi, watumie ufuo wa mchanga kama zamani. Nilimwambia mwenyewe, Mama Kui."

"Unadanganya."

"Tazama mbele!"

Akatazama. Na alichokiona kilimfanya asimame, mashua ikakaribia kupinduka.

Nguo nyeupe ilikuwa ya mchungaji. Mkono mmoja alikuwa ameushindilia ndani ya magugu maji, na mkono wa pili ulikuwa ndani ya maji hadi begani. Alikuwa ameshika kitu kilicho chini. Mdomo wake ulikuwa wazi lakini sauti ilikuwa imeisha.

"Keti!" Njau akafoka. "Keti, utatuua wote!"

"Amemshika! Amemshika Bedan! Yuko chini ya maji!"

Sumeya hakungoja mashua isimame. Alitupa kasia, akajirusha. Maji yalimfunika, yakatulia, yakawa kama hayajamwona mtu. Ngendo alianza kuomba, Kikuyu na Kiswahili vikichanganyika, sentensi hazina mwisho.

Kisha kichwa cha Sumeya kikatokea, na pembeni yake kichwa kingine, kimelegea, midomo ya rangi ya majivu.

"Nivutieni! Ni mzito! Nivutieni!"

Njau alimshika Bedan kwapani. Ngendo alimshika ukosi wa kanzu ya ubatizo. Wakavuta hadi ukingo wa mashua ukameza maji, kisha mwili ukaporomoka ndani, ukaangukia miguuni kwa mkewe.

Hakuwa anapumua.

"Mpelekeni ukutani!" Sumeya alikuwa bado majini, anamsukuma mchungaji apande. "Ukuta wa bwawa, pale pa chini! Hapa siwezi kumfanyia kitu!"

Vijana wale wawili walipiga makasia kana kwamba wanataka kuyavunja. Sumeya alikuwa ameshapanda; akapiga magoti kwenye maji ya sakafuni, akapuliza pumzi yake mdomoni mwa Bedan, akageuza kichwa, akapuliza tena. Ngendo alishika usukani kwa mkono mmoja. Wa pili aliuweka kwenye shavu la mumewe. Lilikuwa baridi kama sinia.

"Baba Kui," alikuwa anasema. "Baba Kui, taulo ninalo. Baba Kui, nimekuja."

Taulo hakuwa nalo. Lilikuwa limekanyagwa na umati mbele ya banda.

Walipogonga ukuta, mikono mingi ya wanakwaya waliokuwa wamekimbilia hapo ilimpokea Bedan ikamlaza kwenye saruji. Sumeya akaanza kumkandamiza kifua. Alikandamiza huku akihesabu kwa mdomo uliokauka, na kila mtu aliyekuwa ukutani alikuwa anahesabu naye bila kujua.

Bedan akakohoa.

Maji yakamtoka puani na mdomoni, na baadaye sauti, sauti mbaya ya kukwaruza, ambayo Ngendo aliiona tamu kuliko zote alizowahi kusikia. Kina mama wa kwaya walipiga vigelegele hadi ng'ombe waliokuwa wanakunywa maji upande wa pili wakakimbia.

"Bado," Sumeya akasema. "Anapumua lakini vibaya. Maji yamemwingia mapafuni. Hospitali, sasa hivi. Twende Thika."

Gari la Njau lilikuwa linakuja kwenye barabara ya ukuta, dereva ameshapata habari huko huko kwenye kituo cha mafuta. Wakamwingiza Bedan kiti cha nyuma. Ngendo akaweka mguu mmoja ndani.

"Mama Kui."

Alikuwa Mchungaji Ephantus. Alikuwa amekaa chini, shuka la mtu limemzunguka, meno yanagongana.

"Mama Kui, kuna jambo. Kule kwa mashua sikuwa na sauti."

"Mchungaji, nitakuja baadaye. Mume wangu..."

"Si klabu iliyotukataza."

Ngendo alisimama na mguu wake mmoja ndani ya gari.

"Mzee Njau alinipigia jana. Alitukaribisha. Lakini leo alfajiri Chege alikuja kanisani. Akasema klabu imebadilisha nia, kwamba wameleta mbwa na askari, tukithubutu tutaaibishwa mbele ya waumini. Akatuonyesha njia ya machimbo. Akasema huko kuna kina kidogo, amepajua tangu utotoni. Akapiga picha tukiwa tunashuka. Picha nyingi sana, akasema dunia yote lazima ione kanisa lililofukuzwa." Mchungaji akafuta uso. "Nilimwamini. Ni kijana wetu."

Njau alikuwa amesimama hapo hapo, maji yanamdondoka. Hakusema, "Nilikwambia." Angesema, pengine Ngendo angekasirika, na hasira ingemsaidia. Lakini mzee alishika kifua tu.

Na papo hapo, kutoka upande wa hema, spika zikafunguka.

"Wananchi!" Sauti ya Chege ilipita juu ya maji ikagonga mwamba wa machimbo, ikarudi. "Wananchi, Bedan wetu ametuacha! Klabu imemuua! Klabu imemuua mume wa kiongozi wetu! Leo hakuna kikao! Leo ni haki!"

Umati ukanguruma. Ngendo aliona moshi mwembamba unaanza kupanda kando ya banda.

"Lakini yuko hai," Ndinda akasema kwa mshangao. "Kwani hajaambiwa yuko hai?"

"Hakuna aliyefika huko kumwambia," Sumeya akajibu kutoka ndani ya gari. "Na hajauliza. Mama Kui, ingia! Tunachelewa!"

Ngendo akamtazama mumewe. Macho ya Bedan yalikuwa nusu wazi. Sijui kama alimwona. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu kwenye kiti.

Akatazama moshi.

Msomaji wangu, fikiria nafasi aliyokuwa nayo mwanamke huyu. Angeingia garini, akae na mumewe kama mke yeyote, na hakuna ambaye angemlaumu milele. Kikao kingejimaliza chenyewe. Klabu ingeondoka siku hiyo hiyo. Geti lingeng'olewa, bustani ingerudi kwa watu wake, kila alichokipigania tangu mwaka jana angekipata bila kufungua mdomo.

Na Njau angepigwa hadi afe.

"Enda," Njau akamwambia kana kwamba amemsoma. "Enda na mume wako. Mimi nitajieleza."

"Utajieleza kwa nani?" Ngendo akasema. "Hao hawatakupa nafasi ya kumaliza jina lako."

Akaingiza mwili nusu garini, akaushika mkono wa Bedan, akauweka ndani ya mkono wa Sumeya.

"Usimwachilie. Akiamka mwambie nilikuwepo. Nilikuwepo, Sumeya. Mwambie."

Akafunga mlango wa gari. Likaondoka.

Kwenye ukuta ule wa bwawa Ngendo alikimbia kama hajakimbia tangu shule. Njau alimfuata nyuma, anachechemea. Ngendo alipofika hemani, vijana walikuwa wameshakoka moto kwa mbao za banda, na Bi. Aoko alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga makofi kuomba utulivu ambao haukuwepo.

Chege alimwona, akashuka jukwaani akamkumbatia mbele ya wote.

"Pole, Mama Kui. Pole sana. Tuko na wewe."

"Bedan yuko hai, Chege."

Mikono yake ikalegea kidogo. "Asante Mungu," akasema, na nafikiri alimaanisha. Chege si shetani. Alikuwa amekauka midomo na shati limemganda mgongoni. "Asante Mungu. Basi tuko salama."

"Mchungaji ameniambia."

Alimtazama. Kisha akamvuta karibu, mdomo sikioni, bado anatabasamu kwa ajili ya umati.

"Sikiliza, madhe. Sikujua pale ni kina kirefu. Wallahi sikujua... nilitaka picha tu. Lakini ona tulipofika! Afisa yuko tayari kusaini. Bustani ni yetu. Neno moja tu kutoka kwako, iwe ni yetu. Na ukisema lile lingine, tumekwisha. Si mimi peke yangu. Sisi sote. Mama zako wa mboga, kanisa lako, wote. Utawaambia nini?"

Ngendo aliiondoa mikono ya Chege mwilini mwake, mmoja baada ya mwingine. Akapanda jukwaani, akaokota maikrofoni.

"Bedan yuko hai!"

Kelele za shangwe. Akangoja.

"Anapelekwa hospitali kwa gari la Mzee Njau. Aliyemtoa majini ni Sumeya wa klabu. Zimeni huo moto."

Watu wakatazamana.

"Bi. Aoko, unataka kujua kwa nini mashua zilichelewa. Kufuli la kwanza lilikuwa langu. La pili lilikuwa la huyu mzee. Sisi wawili tulilifungia bwawa hili, kila mtu akiwa na sababu zake, na mume wangu alikuwa ndani."

"Na kanisa?" Bi. Aoko akauliza. "Nani alilituma kanisa machimboni?"

Moto ulikuwa unatatarika. Chege alikuwa anatikisa kichwa taratibu, hapana, hapana, hapana.

"Si klabu," Ngendo akasema. "Geti lilikuwa wazi. Ni mtu wetu. Ni Chege."

Aliyefuata kusema alikuwa mwanamke, na Ngendo aliijua sauti hiyo; ilikuwa ya muuza mboga aliyebeba kasia kwa viganja vinavyovuja damu.

"Wamekununua," akasema kwa uchungu, si kwa kelele. "Mama Kui, wamekununua na wewe?"

"Hakuna aliyeninunua. Bustani bado naitaka. Geti bado nataka litoke. Lakini siitaki kwa uongo."

Kiti cha kwanza kilirushwa kutoka nyuma. Kilimkosa Ngendo kikaangusha spika. Cha pili kilimpata Njau begani. Jaketi za buluu zikarudi nyuma, vijana wa Chege wakasonga mbele, na askari wawili wa utawala waliokuwa wamelala kivulini asubuhi nzima wakaamka kwa ghafla.

Bi. Aoko alitumia sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Inatosha! Inatosha! Sitasaini chochote leo! Bustani ya Kanyoni imefungwa! Klabu, wakazi, kanisa, hakuna anayeingia hadi nijue ukweli wote! Askari, fungeni geti. Na wewe, Chege, usiende popote."

Hivyo ndivyo watu wale wote walivyojikuta wamesukumwa nje ya geti, barabarani, kwenye vumbi. Njau alikaa juu ya jiwe, ameshika bega. Nafasi kubwa ilikuwa imeachwa kumzunguka Ngendo. Wanawake aliotembea nao nyumba kwa nyumba walipita wakitazama upande mwingine. Mmoja tu alisimama akitaka kusema neno, akaghairi, akaenda zake.

Ngendo hakulia. Alikuwa anawaza gari limefika wapi. Barabara kuu, pengine. Pengine wameshapita darajani.

Simu yake ikaita. Sumeya.

"Mmefika? Anaendeleaje?"

"Hatujafika." Sauti ya Sumeya ilikuwa ya chini, ya haraka. "Hata barabara kuu hatujafika. Tuko hapa njia panda. Wameweka mawe barabarani."

"Nani?"

"Vijana. Wengi. Walisikia ile spika, Mama Kui, wamepigiana simu. Wameona nembo ya klabu kwenye gari. Wanasema hawawezi kupitisha gari la watu waliomuua Bedan."

"Si Bedan yuko humo! Waambie yuko humo!"

"Nimewaambia. Wanasema tunaficha maiti."

Njau alikuwa amesimama. Chege, katikati ya askari wawili, alikuwa ameinua kichwa, na uso wake ulikuwa umegeuka wa mtoto.

Ngendo akamfikia kwa hatua ndefu, akamwekea simu mbele ya mdomo.

"Ni vijana wako. Waambie wafungue njia."

"Wasee!" Chege akapaza sauti kwenye simu. "Wasee, ni mimi, Chege! Wacheni hiyo gari ipite! Bedan yuko hai, nawaambia! Nilikosea! Mnanisikia? Nilikosea!"

Upande wa pili palisikika zogo, watu wengi wakiongea kwa wakati mmoja, na Sumeya akipiga kelele kwamba jamani, huyu hapa, mwangalieni anavyopumua. Kisha sauti ya kijana mmoja ikaja karibu kabisa, tulivu, isiyo na haraka.

"Chege naye ametusaliti. Vunja kioo."